Mngurumo Ndani ya Kimondo

Palmgren, Michigan
Novemba 9, 2003

Reino,

Najua nimekaa kimya tangu kiangazi. Usiniulize sababu, maana mimi mwenyewe sijaipanga vizuri kichwani. Niko mzima. Baa ipo. Paa la sauna, kile kibanda chetu cha kuogea mvuke, limeanza kuvuja upande wa bomba la moshi, nimelifunika turubai na kulikandamiza kwa mawe.

Nakuandikia kwa ajili ya Kimondo. Ile mashine yako ya mchezo imeanza kunguruma. Sizungumzii sauti za mchezo wenyewe. Roketi bado zinalia na mabomu yanapasuka kama zamani. Ni chini ya hizo: mmmmmm, mfululizo, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Nikiwasha tu inaanza, na haikomi mpaka nizime. Enzi zile baa inajaa mpaka watu wanakalia makreti nisingeisikia. Sasa wateja ni wawili watatu, redio imekufa, na huo mngurumo ndio unaoongea peke yake humu ndani.

Utasema izime. Ningeizima. Ila kuna mteja mmoja ameomba niiache, na siku hizi sina jeuri ya kuchagua wateja.

Niambie nianzie wapi. Bisibisi zako zimo kwenye kopo la tumbaku, palepale ulipoziacha. Mita yako ya kupimia umeme pia ipo, lakini sijui kuisoma.

Verna


Gerezani
Novemba 17, 2003

Verna mpenzi wangu,

Barua yako imefika, imeshafunguliwa na kusomwa na askari kama kawaida yao. Nimeirudia mpaka Tolliver, yule tunayekaa naye chumba kimoja, akaniuliza, "Mzee, huyo mkeo anakuandikia mapenzi au anakuandikia karakana?" Nikamwambia kwetu hivyo ni kitu kimoja.

Sikiliza. Spika ikichanika karatasi yake hukwaruza pale sauti inapopita tu. Mchezo ukinyamaza, nayo hunyamaza. Yako hainyamazi, kwa hiyo spika usiiguse, haina kosa. Huo ni umeme unaovuja kuingia kwenye sauti. Tatizo ni kujua unavujia wapi.

Fungua mlango wa mbele wa sarafu. Ndani, mkono wa kulia, kuna kitasa kidogo cha sauti. Kipunguze mpaka mwisho. Mngurumo ukipungua pamoja na sauti, basi unatoka kabla ya kitasa, yaani kwenye ubao wa mchezo. Ukibaki vilevile wakati sauti za mchezo zimepotea kabisa, unatoka kwenye umeme wenyewe au kwenye kikuza sauti. Ukishajua, niandikie.

Nyuma usifungue kwanza. Na siku utakayofungua, ile shingo ya kioo cha skrini usiisogelee hata kama mashine umeichomoa ukutani. Inahifadhi umeme kama nyoka anavyohifadhi sumu.

Ni mara ya kwanza tangu niingie humu mtu ameniuliza kitu ninachokijua. Asante.

Reino wako


Palmgren
Desemba 1, 2003

Reino,

Kitasa tumekipunguza mpaka mwisho. Roketi kimya, mabomu kimya, na mngurumo uko palepale, haujashuka hata kidogo. Kwa hiyo ni umeme.

Tumefungua na mlango wa nyuma. Usikasirike, shingo ya kioo hatukuigusa. Vumbi la humo ndani lingejaza ndoo. Tumekuta kiota cha panya na kibao kimoja cha domino. Chini kabisa kuna transfoma, na pembeni yake kopo la bluu limesimama, kubwa kama la maharage. Juu limevimba kidogo na lina ukoko wa kahawia kuzunguka skrubu. Je, ndilo?

Theluji imefika magotini. Msimu wa kuwinda kulungu umepita na sikuuza hata nusu ya zile pai za nyama. Nimezigandisha.

Verna


Gerezani
Desemba 9, 2003

Verna mpenzi,

Ndilo! Hilo kopo ni kapasita kubwa. Kazi yake ni kuusawazisha umeme unaokuja kwa mawimbi ili utoke umenyooka. Likizeeka hukauka ndani, mawimbi yanapita, na spika inayaimba. Ulichokisikia miezi hii yote ni umeme wa ukutani unapiga zumari.

Agiza jipya, namba imeandikwa ubavuni. Kabla ya kulifungua, chomoa mashine, kisha chukua balbu ya kawaida yenye nyaya mbili uguse skrubu zote mbili kwa pamoja. Ikimulika kidogo na kufa, umelimaliza nguvu. Jipya ulifunge chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Ukigeuza, litapasuka usoni mwako.

Sasa niulize na mimi. "Tumekipunguza." "Tumefungua." "Hatukuigusa." Ni nani hao? Nijuavyo mimi, ule mlango wa nyuma mtu mmoja anaushika na mwingine anamulika. Nani anakumulikia taa, Verna? Nauliza kwa mzaha. Nusu mzaha.

Habari kubwa: bodi ya kuachilia wafungwa mapema itaniita Machi. Wakikubali, nitakuwa nyumbani kabla barafu ya ziwani haijapasuka. Paa la sauna liache, nitalitengeneza mwenyewe.

Reino


Palmgren
Desemba 20, 2003

Reino,

Ni Eero, mtoto wa dada yako. Anapita mara mojamoja kunisaidia.

Kopo jipya limefungwa, na balbu ilimulika kama ulivyosema. Mngurumo umepungua sana, lakini haujaisha. Ukisimama kwenye kaunta husikii kitu. Ukikaa kwenye kiti kilicho karibu na mashine, upo, mwembamba kama mtu anayeguna na mdomo ameufunga.

Nimefurahi kuhusu Machi. Heri ya Krismasi. Nimekutumia soksi, sijui kama watakupa.

Verna


Gerezani
Januari 4, 2004

Verna,

Soksi nimepewa. Nimepata pia kadi ya Krismasi kutoka kwa Eero. Imetoka Texas. Yuko kambini, jeshi limemchukua tangu Septemba, na anauliza habari zako kwa sababu hajakuona tangu alipoondoka.

Miaka yote tuliyokaa pamoja hujawahi kunidanganya. Hata siku ile ulipokuja kunitazama kituoni kwa polisi, uliniambia ukweli wa nilivyonuka pombe. Sasa unanidanganya kwa ajili ya kushikiwa taa.

Kama kuna mwanamume, sema. Sina haki ya kupiga meza, hata meza yenyewe humu imefungwa sakafuni. Lakini usinifanye niwe ninamfundisha mtu mwingine jinsi ya kukaa nyumbani kwangu.

Ni nani?

Reino


Palmgren
Januari 15, 2004

Reino,

Ni Anton Grahek.

Nimeliandika mwanzoni ili nisipate nafasi ya kulizunguka. Baba yake Rosalie.

Alikuja kwa mara ya kwanza mwezi wa kumi. Nilikuwa nafuta glasi, mlango ukafunguka, nikamwona. Nilijua amekuja kuvunja kitu au kunivunja mimi, na nilifikiri: basi, avunje. Hakuniangalia. Alikwenda moja kwa moja pale kwenye Kimondo, akakaa kwenye kile kiti. Unakikumbuka. Ndicho alichokuwa akikaa binti yake Ijumaa akitoka kazini hospitali, na sare yake ya bluu.

Nikampelekea kahawa kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu. Akainywa, akaacha pesa, akaondoka. Wiki iliyofuata akaja tena, ikawa vilevile. Hakuna salamu, hakuna neno. Ndiyo maana sikukuandikia wakati ule. Ningekuandikia nini?

Safari ya nne au ya tano nikashindwa kuvumilia, nikaenda kuchomoa mashine ili angalau kimya kiwe kimya kweli. Hapo ndipo aliponisemesha kwa mara ya kwanza tangu mahakamani.

"Iache."

"Inapiga kelele, Bwana Grahek."

"Nasikia. Mimi nimekuwa fundi umeme mgodini maisha yangu yote, unadhani sisikii? Inanguruma hivi tangu lini?"

"Tangu mwezi wa nane."

"Na humu ndani hakuna mtu aliyeona aibu?"

Nikamwambia aliyekuwa akiitengeneza hayupo. Maneno yalinitoka kabla sijayapima. Yeye akasogeza kikombe chake, akasema, "Basi muulize. Mimi umeme naujua, huyu mdudu simjui. Muulize huyo wako tuanzie wapi."

Kwa hiyo, Reino, barua ile ya kwanza ni yeye aliyeitaka. Yeye ndiye aliyefanya kazi, mimi nilishika taa. Barua zako namsomea pale penye habari za mashine, pengine pote naruka. Uliposema umeme unapiga zumari alitoa pumzi puani. Sijui kama ni kicheko.

Tukiwa kazini hatuzungumzi mambo mengine. "Nipe bisibisi bapa." "Sogeza taa." "Si hapo, mama, unanimulika machoni." Ni hayo tu. Akimaliza ananawa mikono na kwenda zake. Siku moja tu nilimuuliza kwa nini anakuja. Akasema, "Nyumbani kwangu hakuna kitu kilichoharibika ninachoweza kukitengeneza."

Sikukuambia kwa sababu niliogopa utaniandikia maneno ambayo nisingeweza kumsomea. Na kuna kingine. Niliposikia habari ya Machi, nilianza kumwekea pai kwenye sahani, na sukari kwenye kahawa bila kuulizwa. Jamaa wa marehemu huulizwa na bodi, unajua. Nilikuwa najua ninachokifanya. Sijivunii.

Verna


Palmgren
Februari 10, 2004

Reino,

Umenyamaza karibu mwezi mzima. Anakuja, anauliza kama kuna barua, namwambia hakuna, anakunywa kahawa na kuondoka.

Andika hata kunitukana.

V.


Gerezani
Februari 22, 2004

Verna,

Nimeandika barua nyingi nikazichana. Tolliver amechoka kuokota vipande.

Kwanza nilikasirika, sijui nimkasirikie nani. Kisha nikaona haya, hapo ndipo nilipokwama. Nilikuwa nimejenga picha kichwani: wewe umepiga magoti nyuma ya Kimondo, na mimi nakuongoza mkono toka huku mbali. Picha ile ilinilisha Novemba na Desemba yote. Kumbe mikono ilikuwa yake. Nimeyakumbuka upya yote niliyoandika, ule mzaha wa zumari, "mpenzi" huku, "mpenzi" kule, nikimwona amekaa kwenye kile kiti anasikiliza.

Usimwombe kitu. Kama ulikuwa karibu kumwomba, acha. Kama umeshamwomba, mwambie nimekataa. Aiambie bodi anachotaka.

Mngurumo uliobaki: kagua ubao wa kikuza sauti, pale plagi kubwa inapoingia. Pini ya mwisho kushoto, yenye waya mweusi, ni ya ardhi. Joto hulegeza risasi ya kulehemu iliyoishikilia na kuacha ufa mwembamba kama unywele, ukiutazama kwa macho hivihivi huuoni. Bonyeza plagi kwa kijiti kikavu mashine ikiwa inawaka. Sauti ikibadilika, ni hapo. Chomoa, yeyusha risasi ya zamani, weka mpya.

Hii aya ya mwisho unaweza kumsomea yote.

Reino


Palmgren
Machi 14, 2004

Reino,

Nilimsomea. Akaniambia nirudie pale penye kijiti kikavu, nikarudia. Akasema, "Huyu anaijua kazi." Halafu hakuja wiki mbili.

Amekuja jana mchana, kipindi theluji inayeyuka na barabara yote ni tope. Alikuwa amebeba pasi yake ya kulehemu ndani ya taulo. Hakukaa. Alisimama katikati ya sakafu na kofia yake mkononi.

"Verna," akasema. Hajawahi kuniita jina. "Bodi imeniandikia, nimewajibu. Nimesema hapana. Nimesema abaki hukohuko mpaka siku ya mwisho ya kifungo chake ifike."

Niliweka kitambaa juu ya kaunta, naye akaendelea.

"Nimekuja nikuambie mwenyewe, usije ukaisikia dukani. Pai zako ni tamu. Kahawa yako ni nzuri. Wewe hujanikosea kitu. Lakini niliketi mahakamani siku zote zile nikimsikiliza mumeo. Ajali, barabara, theluji, pombe, majuto. 'Yule msichana.' Hakulitaja jina lake hata mara moja. Nilingoja. Mke wangu naye alingoja, mpaka akazikwa bado anangoja."

Nikamwambia, "Bwana Grahek, kama ni hivyo si lazima umalizie mashine."

Akaniangalia kana kwamba nimemtukana.

"Kwani mashine imefanya nini? Shika taa."

Nikaishika. Nilikuwa namtazama yeye badala ya kazi mpaka akanifokea, "We mama, unamulika dari!" Alibonyeza plagi kwa kijiti cha aiskrimu na mngurumo ukakatika, akaachia ukarudi. Ilikuwa pini uliyoisema. Akageuza ubao, akayeyusha, moshi ukapanda, akapuliza. Tukafunga kila kitu, tukawasha.

Reino, sijui nikuelezeje. Hakukuwa na kitu. Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye paa nje.

Akatia sarafu. Nilidhani atakaa atazame tu, kumbe akaushika usukani akacheza. Hajui kucheza. Roketi zake zote tatu ziliisha hata kimondo cha kwanza hakijaanguka. Zile sauti zilitoka safi, kali, kama siku ulipoileta mashine. Skrini haikumwambia aandike herufi za jina lake, maana hakuwa amefikisha alama za kuandika. Akafunga pasi yake kwenye taulo. Akasema, "Sasa inasikika." Hajaniambia atarudi, na sidhani kama atarudi.

Nilikaa mpaka giza likaingia na hakuja mteja hata mmoja. Reino, nimechoka. Dada yangu wa Duluth ananiita tangu mwaka juzi, ana chumba. Mwenye ghala la bia anataka kuinunua baa, aibomoe apate uwanja wa malori. Sijamjibu. Nilikuwa nangoja Machi.

Verna


Gerezani
Aprili 2, 2004

Verna,

Wamekataa. Wataniangalia tena baada ya miaka miwili.

Barua ya Grahek waliisoma mbele yangu. Ni ya nusu ukurasa. Hakunitukana popote. Aliandika kwamba tangu binti yake alipokuwa mdogo huyo binti ndiye aliyekuwa akimkata nywele baba yake, jikoni, juu ya gazeti, na kwamba kinyozi wa mjini amejaribu mara moja na yeye Grahek akashindwa kukaa kwenye kiti cha kinyozi mpaka mwisho. Aliandika hayo, kisha akaandika "hapana", kisha jina lake.

Mwenyekiti akaniuliza kama nina la kusema. Yule wakili alikuwa amenipangia maneno, mazuri tu. Nikasimama, nikasema: "Rosalie Grahek alikuwa anachukua barua kwenye sanduku lao saa tisa mchana, nami nikamgonga. Nilikuwa nimelewa. Baba yake amesema kweli." Nikaketi. Wakaandika.

Sikulitaja jina lake ili wanisamehe, maana walikuwa wameshaamua, ilionekana usoni. Wala usiende kumwambia Grahek. Sitaki aletewe kama mtu anayeletewa risiti. Kama kauli yangu ipo kwenye kumbukumbu za bodi, ipo. Akitaka kuiomba, ataiomba.

Nilikuwa nalala usiku nikisema ni theluji, ni kona ile mbaya, ni sanduku lao lilivyosogea barabarani. Sasa sina tena la kusema. Nakuambia kweli, silali vizuri zaidi. Nalala vibaya zaidi.

Nenda Duluth. Sisemi kwa hasira. Muuzie yule mtu wa bia, abomoe, sauna na paa lake pamoja. Nitakapotoka sitaweza kuishi Palmgren, na wewe hujaishi hapo tangu siku ile, umekuwa ukilinda mlango tu. Mashine mpe atakayeitaka. Mwambie mtu huyo asiiweke karibu na jiko.

Nitumie anwani ya dada yako. Ukiona huwezi kuituma, usitume, nitaelewa. Nitakuandikia hapo Palmgren mpaka barua zianze kurudi.

Reino